Gawio Kabla ya Dhahabu

Nzioka alikuwa amepoteza pesa kwa kila njia inayojulikana Ukambani, na nyingine mbili alizozigundua mwenyewe. Alifuga kware mwaka ule kila mtu alipofuga kware, akaanza wiki ile ile bei ya mayai ilipoanguka. Alipanda mishubiri ekari nzima akiambiwa Wachina wanaitafuta. Wachina hawakuja, na mbuzi walipoonja waliikataa. Aliingia upatu akiwa mtu wa mwisho kuingia na wa kwanza kulia. Kwa hiyo alipofika umri wa miaka hamsini na tisa, akiwa mwenyekiti wa Kampuni ya Kutafuta Dhahabu ya Kavuthini, hasara aliijua kama njia ya kwenda choo chake. Kitu ambacho hakuwa amekizoea ni kufanikiwa, na sasa shida yake yote ilikuwa imeletwa na mafanikio.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikuwa na leseni ya kutafuta, ambayo si ile ya kuchimba na kuuza, mihuri miwili, mitaro sita kwenye kilima cha Kavuthini nje kidogo ya Ekalakala, na wenye hisa mia moja arobaini na wawili. Haikuwa na dhahabu. Hilo halikuwa jambo la aibu, kwa sababu ukishakuwa nayo huna haja ya kuitafuta. Aibu ni kwamba Desemba iliyopita kampuni hii isiyo na dhahabu ilitoa gawio, yaani faida kwa wenye hisa, kila mtu na bahasha yake.

Ilikuwa hivi. Ukambani Desemba ni mwezi wa kugawa. Chama chochote kinachojiheshimu, kiwe cha maziwa, cha viti vya kukodisha au cha kuzikana, kinavunja sanduku, na kila mwanachama anaenda nyumbani na kitu mkononi, ili watoto wanaotoka Nairobi kwa Krismasi wakute mama hakukaa bure mwaka mzima. Chama kisichogawa Desemba kimeshakufa, ni vile tu hakijazikwa. Wenye hisa wa Kavuthini hawakujua kwamba kampuni na chama ni vitu viwili, na mwenyekiti wao, tuseme ukweli, hakuwa na uhakika. Tarehe ishirini ya mwezi huo wanawake wa chama cha maziwa walipita mbele ya nyumba yake, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ana elfu nne zake kifuani na beseni jipya la plastiki kichwani. Walimsalimia kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Wa mwisho alikuwa Kalunde, mwenyekiti wao, ambaye pia alikuwa na hisa thelathini za Kavuthini.

"Na sisi wa dhahabu," Kalunde akauliza, "tunagawa lini, ama tumefunga kama duka?"

Nzioka aliwahi kustahimili njaa, ukame na kuitwa na chifu. Yale mabeseni hakuyastahimili.

Mhasibu wa kampuni, Rashid, alikuwa amesafiri Mombasa kumwoza mtoto wa dada yake, akaacha hundi mbili zenye sahihi yake ili wachimbaji wa mitaro wasikwame. Nzioka akachukua moja, akaenda benki. Kwenye akaunti kulikuwa na laki tatu na elfu kumi, pesa za mitaro na za kupeleka mawe maabara. Akatoa laki moja na arobaini. Kila hisa ya shilingi mia tano ikapata shilingi mia moja. Asilimia ishirini, kitu ambacho hata benki yenye sakafu ya marumaru haimpi mtu. Akanunua bahasha, akazigonga muhuri wa kampuni, mihuri yote miwili, akachinja mbuzi, akahutubu. Kwa hisa zake mwenyewe hakujilipa hata ndururu, na jambo hilo alilihesabu kama utakatifu.

Rashid aliporudi na kusikia habari, alikunywa kwanza kikombe kizima cha chai.

"Bwana mwenyekiti," akasema mwishowe, "faida haipo, gawio limetoka wapi? Umewarudishia watu pesa zao wenyewe, tofauti ni kwamba umezikunja vizuri."

Lakini maneno ya Rashid yalikuwa sauti moja, na sauti nyingine zilikuwa nyingi. Kuanzia Januari watu walianza kuja. Walitoka Masinga, walitoka Kithimani, mmoja alitoka Mwala kwa baiskeli. Waliposikia kuna kampuni inayotoa asilimia ishirini kabla ya kupata dhahabu, walijiuliza itatoa ngapi ikiipata. Wenye hisa walikuwa themanini. Kufikia Machi walikuwa mia moja arobaini na wawili. Nzioka alipopita sokoni watu walimwita "Mwenyekiti" kwa sauti ambayo wakati wa kware hawakuwa nayo. Akanunua kofia.

Kofia hiyo alikuwa ameivaa Alhamisi moja ya Oktoba mkewe, Nzisa, aliporudi kutoka kwa mama yake, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchambua ndengu bila kumtazama.

"Mama anauza Komandoo na Sajini," akasema.

Komandoo na Sajini walikuwa ng'ombe wa kulimia wa Kamanthe, mama mkwe wake Nzioka. Tangu mzee wake afariki miaka saba iliyopita, Kamanthe aliishi kwa ng'ombe hao wawili. Msimu wa mvua ukikaribia walilima mashamba ya majirani kwa malipo, na pesa hizo zilikuwa mafuta yake, sukari yake, dawa zake za presha na sadaka yake ya Jumapili.

"Anauza kwa nini? Ni wagonjwa?"

"Ni wazima kabisa. Anawapeleka Kithimani Jumatatu, siku ya soko. Ameambiwa atapata laki moja na nusu kwa wote wawili." Nzisa akatupa kijiwe mlangoni. "Anataka kununua hisa mia tatu. Amepiga hesabu. Amesema Desemba akipata mia kwa kila hisa ni elfu thelathini, na hakuna kuamka saa kumi na moja kufuata mkia wa ng'ombe."

Nzioka akavua kofia.

"Mwambie asiuze."

"Nimwambie kwa nini?"

"Mwambie tu. Mwambie dhahabu... mwambie bado."

"Ile mbegu ya kusema hisa ni nzuri, mwaka jana nilipanda kwa mama na mdomo huu," Nzisa akasema. "Leo mdomo huu umechoka. Nikimwambia asinunue atasema nimemwonea wivu. Enda umwambie wewe."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu mtu hamwendei mama mkwe hivi hivi. Kuna kitu Wakamba wanakiita nthoni, ambayo ni heshima iliyochanganyika na aibu. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani kama anatafuta kuni. Siku hizi vijana wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, lakini Kamanthe hakuwa wa siku hizi. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, maneno yote kati yake na Nzioka yalipitia kwa Nzisa au kupitia ukutani. Nzioka aliwahi kufikiri kwamba hiyo ndiyo sababu mama mkwe alimwamini sana. Wengine wote walikuwa wamemsikia akiongea.

Ijumaa asubuhi akafika Machakos mjini, kwenye duka la Rashid la vipuri vya pampu za maji, nyuma ya soko. Rashid alizaliwa hapo hapo mjini, lakini babu yake alitoka Pwani na Kiswahili chake hakikuwahi kupanda mlima kuja bara. Alikuwa kwenye kaunta akimtafutia mteja ringi ya mpira.

"Karibu, bwana mwenyekiti. Sera umeileta?"

Mkutano mkuu wa mwaka ulikuwa kesho yake. Rashid alikuwa amesisitiza kwamba kabla ya kuuza hisa nyingine hata moja, kampuni iandike sera yake ya gawio, yaani itatoa lini, kutoka wapi, kwa kanuni gani. Nzioka alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameinakili kutoka gazetini, kwenye tangazo la benki moja kubwa, akabadilisha jina tu.

Rashid akasoma kwa sauti. "Bodi inapendekeza gawio la mwisho, kwa kuzingatia ukuaji wa amana na matawi yetu katika kanda." Akainua macho. "Matawi yetu yapi?"

"Hapo nilisahau kufuta."

"Na amana?"

"Nilidhani ni kitu kizuri."

Rashid akageuza karatasi, akachukua kalamu ya kuandikia risiti, akaandika polepole, halafu akamsukumia. Ilisema hivi: Kampuni haitatoa gawio mpaka iuze dhahabu. Ikiuza, kwanza italipa inachodaiwa, pili itaweka pesa za kutafutia zaidi, kitakachobaki ndicho kitagawanywa. Kisipobaki, hakigawanywi.

"Ni fupi," Nzioka akasema.

"Kampuni nayo ni fupi."

"Wataniuliza ya mwaka jana ilitoka wapi."

"Naam. Utawaambia."

"Wakinipiga mawe nani ataendesha mkutano?"

"Mimi nipo," Rashid akasema. "Nitakufungia mkutano kwa dua."

Nzioka akamweleza habari ya Komandoo na Sajini. Rashid aliacha kutafuta ringi. Aliuliza kama hakuna mtu mwingine wa kutumwa, kasisi labda, au shemeji, na Nzioka akasema Kamanthe aliwahi kumkatalia kasisi mambo mawili na shemeji alikuwa Dubai. Rashid akafikiri.

"Atakuja mkutanoni?"

"Ana hisa kumi. Atakuja na kitambulisho na bahasha ya mwaka jana, ameihifadhi ndani ya Biblia."

"Basi kusema naye wewe huruhusiwi, lakini kusema na mkutano si umeruhusiwa? Sema na mkutano. Masikio ni yake."

Nzioka akarudi Ekalakala na karatasi ile mfukoni, na njia nzima alikuwa akiisoma kimoyomoyo, akitumaini kwamba ikisomwa mara nyingi ingelainika. Haikulainika.

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne katika kibanda cha mnada wa mifugo, kwa sababu kanisa lilikuwa na arusi. Wanaume walikaa kwenye mabomba ya kufungia ng'ombe, wanawake kwenye viti vya plastiki vya chama cha Kalunde, vilivyokodishwa kwa kampuni kwa bei ambayo Rashid alisema ni ya wizi na Kalunde alisema ni ya soko. Kamanthe alikuwa mstari wa pili, leso yake imevutwa upande wa uso ulioelekea meza, kama inavyotakiwa. Nje, punda wake alikuwa amefungwa na madumu ya maji, kwa maana akitoka mkutanoni angepitia kisimani. Pembeni ya punda alisimama mbuzi wa mlo wa mchana, ambaye peke yake hakuwa na hamu ya ajenda kufika mwisho.

Wa kwanza kuongea alikuwa Mike, mwanajiolojia waliyemkodisha kwa siku kutoka Syokimau, mtu wa miaka thelathini na tano mwenye viatu vya bei ghali na moyo mzuri.

"Niaje wazee, niaje wamama. Majibu ya maabara imekuja. Kwa zile mitaro sita, tano ni zero. Ile ya sita imeonyesha pointi nne. Yaani, kwa tani moja ya mawe, kuna gramu pointi nne ya dhahabu, haifiki hata nusu gramu."

"Iko," mtu akasema nyuma.

"Iko, lakini, mzee, tani moja ni mikokoteni miwili hivi ya punda. Uivunje yote, uisage kama unga, uioshe. Utapata kitu kama punje mbili za mchele, na hizo punje ni za mchele mbaya. Hiyo haiwezi kulipa hata punda. Inaonyesha tu mahali pa kuendelea kutafuta. Labda pana kitu chini. Labda hakuna."

"Lakini iko," mtu yule akasema tena, na kibanda kizima kikatingisha kichwa kwa kuridhika. Yale mengine yote aliyosema Mike yalipita juu ya mabati.

Nzioka akasimama. Alikuwa ameacha kofia nyumbani. Alisoma sera mistari yote, ambayo ilichukua nusu dakika. Akaona ni fupi mno, akaisoma tena. Halafu akaikunja.

"Sasa mtaniuliza ya mwaka jana," akasema. "Mwaka jana hatukuuza dhahabu. Hatukuuza kitu. Ile mia moja mlipata kwa kila hisa nilitoa kwa akaunti, na kwa akaunti kulikuwa na pesa yenu ya mitaro. Mlikula pesa yenu. Mimi ndio nilipika. Rashid hakuwa, na aliponiambia ni makosa nilimwona kama mtu hana maono. Na nyinyi mliingia Januari, mliingia kwa sababu ya harufu ya ile nyama. Nilitaka niwaambie mapema. Kila wiki nilitaka. Lakini mlikuwa mnaniita Mwenyekiti vizuri sana."

Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa amejiandaa hata kwa mawe, akachagua mahali pa kusimama karibu na mlango. Hakujiandaa kwa kile kilichotokea, nacho ni kwamba Nzau, mwenye baa na bucha, alicheka.

"Mwenyekiti amepata," Nzau akasema.

"Nimepata nini?"

"Usituzungushe. Mwaka jana hamkupata kitu, ukatupatia pesa. Mwaka huu daktari wa mawe anasema iko, sasa unatuambia hakuna mgao mpaka siku haijulikani. Hiyo ni hesabu gani? Unataka tuogope tutoke, mbaki wawili na Rashid."

Kibanda kikavuma. Kwa dakika moja mantiki ya Nzau ilionekana kama jiwe la msingi, na Nzioka, ambaye alikuwa amedanganya watu kwa miezi kumi wakamwamini kila neno, akagundua kwamba siku aliyoamua kusema kweli ndiyo siku aliyoonekana mwongo. Mzee mmoja wa Masinga tayari alikuwa ametoa simu akiuliza kama anaweza kuongeza hisa ishirini kabla bei haijapanda. Nzioka alitupa jicho mstari wa pili, si usoni, kwenye ukingo wa leso tu, akaona mkono wa Kamanthe ukifungua kibeti na kuhakikisha kitambulisho kipo. Jumatatu ilikuwa inakuja na miguu minane ya ng'ombe.

Ndipo akafanya kitu ambacho hakuwa amekipanga. Miaka yote ya kuumia ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba mtu anayejua shimo lina nini utamjua kwa kile anachokataa kuuza, na asiyeona kitu humo huuza kwa bei ya kutupa.

"Sawa," akasema. "Niko na hisa mia mbili za mwanzilishi. Nauza zote. Sasa hivi. Hisa ni mia tano, mimi nauza kwa mia mbili na hamsini. Rashid, fungua kitabu. Nani anachukua?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Nzau. Wewe umesema nimepata. Nusu bei. Elfu hamsini unachukua zote, unakuwa mkubwa kuliko mimi."

Nzau akajikuna shingo. "Leo sijabeba pesa."

"Tuma kwa simu."

"Simu haina chaji."

"Chaja iko hapa," Rashid akasema kwa sauti ya adabu kutoka mezani.

Watu wakageuka wote wakamtazama Nzau, na Nzau akatazama viatu vyake. Mzee wa Masinga alirudisha simu mfukoni taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka amwone.

"Mia mbili," Nzioka akasema. "Mia na hamsini. Kalunde? Desemba ulinililia hapa na beseni."

"Mimi beseni niko nayo," Kalunde akasema. "Na hizo hisa zako ulinunua pesa ngapi?"

"Sikununua. Nilijipa. Niliandika ni kwa sababu ya maono."

Hapo ndipo kicheko kilipokuja, na hakikuwa cha Nzau. Kilianzia kwa wanawake wa maziwa, kikaenda mpaka mabomba ya ng'ombe, na hata Mike aliinama juu ya makaratasi yake. Nzioka alingoja kiishe. Hakikumuuma kama alivyotarajia. Alikuwa amechekwa kwa sababu ya kware na kwa sababu ya mishubiri, na nyakati zote mbili alikuwa wa mwisho kuelewa. Safari hii walau walianza pamoja.

Katikati ya kicheko hicho Kamanthe alimwinamia Nzisa, aliyekuwa kiti cha pembeni yake, akamnong'oneza. Nzisa akasimama. Kibanda kikanyamaza, kwa maana kila mtu alijua ni nani anayesema kwa mdomo ule.

"Mama anauliza, ile elfu moja alipata mwaka jana, ilikuwa ya nani."

Nzioka akamtazama mkewe, kwa kuwa huyo aliruhusiwa kumtazama. "Mwambie ilikuwa yake."

Mnong'ono tena.

"Anauliza, na hii angeleta Jumatatu, ingelipa nani Desemba?"

"Ingelipa hawa wote. Na yeye angelipwa na mtu wa Januari, kama angekuja. Mwambie mimi sijui mtu wa Januari ni nani. Mwambie akiuza hizo ng'ombe hakuna mahali nitatoa zingine."

Kamanthe hakunong'ona tena. Alifunga kibeti, na kile kibeti kilikuwa cha chuma, kikalia tak kama mlango wa gari.

Sera ikapita kwa mikono. Mikono tisini na minane ilikubali, Nzau alisema hapigi kura mpaka apate chaji. Kalunde akataka iongezwe kwamba mwenyekiti hatatia sahihi hundi yoyote peke yake wala mhasibu hataacha hundi tupu akienda arusi, na Rashid alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Ilipofika kuchagua mwenyekiti mpya, watu walitazamana. Kazi ilikuwa sasa ni kuongoza kampuni isiyo na dhahabu, isiyo na gawio, na yenye wenye hisa waliokasirika. Hakuna aliyeomba. Wakamrudisha Nzioka bila marupurupu, wakamwambia ashukuru.

Baadaye alitoka nje kwenda kumshughulikia yule mbuzi, kwa sababu mwenyekiti bila marupurupu ndiye pia mchinjaji. Alikuwa ameinama akifungua kamba aliposikia nyuma yake hatua anazozijua bila kuziona. Akageukia ukuta upesi, macho kwenye mabati. Kamanthe naye alikuwa amefika kwa punda wake, umbali wa hatua tano, leso imeshuka, mgongo amempa. Nzisa alikuwa mlangoni na sufuria mbili.

"Punda," Kamanthe akasema, akikaza kamba ya madumu, "Jumatatu hatuendi Kithimani. Komandoo na Sajini wanaenda kwa Mwikali kulima, na Jumanne kwa mwalimu. Usisahau."

Punda akapiga sikio. Nzioka akamshika mbuzi shingo kama anamkumbatia.

"Na punda," Kamanthe akaendelea, "kuna watu nimesikia wanauza hisa kwa mia na hamsini. Mimi niko na kuku wanne wa kutaga. Ng'ombe siwezi, lakini kuku... huwezi jua. Yule kijana wa mawe amesema iko."

Nzioka akamgeukia mkewe, akafanya ishara na kichwa: mwambie. Nzisa akaweka sufuria moja chini, akahamishia nyingine mkono wa pili, akatazama mawinguni kama mtu anayepima mvua.

Hapakuwa na mtu mwingine. Nzioka akamwinua mbuzi kidevu.

"Mbuzi," akasema kwa sauti ya kufika hatua tano, "kampuni haipokei kuku."

Nyuma yake, kamba iliacha kukazwa.

"Hata kwa mia?" Kamanthe akamwuliza punda.

"Mbuzi, hata kwa hamsini. Hata bure. Kuku watage."

Kamanthe akacheka kidogo, kicheko ambacho Nzioka alikuwa akikisikia kupitia ukutani kwa miaka thelathini na mmoja bila kujua kama ni cha mama mkwe wake.

"Punda," akasema, "unaona huyo nilimpa mtoto wangu? Nilikuwa sijui kama anaweza kukataa pesa."

Akamgonga punda ubavuni na wakaondoka kuelekea kisimani, madumu yakigongana. Nzioka alibaki uso umeelekea mabati mpaka sauti ilipoisha kabisa, kama inavyotakiwa.

"Sasa toka kwa ukuta," Nzisa akasema, "uje ushike hii sufuria. Watu wana njaa."